Kuhamisha simu za ofisi kutoka waya wa shaba kwenda intaneti: anza na waya, simu zinunue mwisho

Mwenye ofisi akiamua kuachana na laini za waya, mara nyingi swali lake la kwanza ni anunue simu gani. Hilo lisubiri. Simu ya mezani ukikosea kuichagua utapoteza kifaa kimoja, basi. Kinachoangusha kazi nzima ni mambo matatu yasiyoonekana mezani: namba yako ya zamani, umeme, na vitu vilivyojibanza kwenye waya uleule ambavyo hakuna anayevikumbuka.

Tuchukue ofisi ya kawaida ya Dar es Salaam. Ina laini tatu za TTCL zinazoanza na 022. Zinaingia kwenye mtambo mdogo wa kugawa simu, Panasonic KX-TES824, uliotundikwa ukutani nyuma ya mapokezi, na kutoka hapo ekstensheni nane, yaani simu za ndani, zinasambaa kwa bosi, uhasibuni, stoo na getini. Nimeuchagua mtambo huo kwa sababu umejaa kwenye ofisi zetu: unakuja na nafasi ya laini tatu na ekstensheni nane, na ukiongezewa kadi unafika laini nane na ekstensheni 24. Kama uko Mombasa kwenye 041 au Nairobi kwenye 020, hatua ni hizihizi. Kitakachobadilika ni kampuni ya simu na mdhibiti wake.

Wapo watakaosema, kwani WhatsApp haitoshi? Kwa duka la mtu mmoja inatosha. Lakini WhatsApp haipigi simu kwenye laini ya mezani ya benki au hospitali, haihamishi simu kutoka mapokezi kwenda uhasibuni, na mteja wako aliyeko Dubai hawezi kukupigia kwayo kwa njia ya kawaida kwa sababu kule simu za WhatsApp zimezuiwa. Iache iendelee na kazi yake, ofisi iwe na simu zake.

Hatua ya 1: Fuata kila waya hadi unapoishia

Chukua daftari uanzie pale waya unapoingia ukutani. Kwa kila laini andika namba yake, inapoishia na nani anaitumia. Usitegemee bili. Bili inakuonyesha namba unazolipia, haikuonyeshi kilichochomekwa upande wa pili. Kujua laini ipi ni ipi, chomeka simu ya kawaida moja kwa moja kwenye waya, jipigie kwenye simu ya mkononi, usome namba iliyotokea.

Tafuta faksi ya uhasibuni ambayo kila mtu anaapa haitumiki. Tafuta king'ora cha wizi kinachopiga simu chenyewe kikiguswa, simu ya dharura ndani ya lifti, simu ya mlinzi getini, mashine ya kadi ya zamani. Na kubwa kuliko yote, tafuta intaneti yenyewe. Ofisi yenye ADSL inapata intaneti juu ya waya uleule wa simu. Ukipeleka barua ya kusitisha laini, intaneti inakwenda nayo, na ndiyo uliyokuwa unaitegemea kuhamishia simu.

Ukimaliza orodha, chomoa laini moja kwa nusu siku ya kazi usikilize nani analalamika. Rudia usiku, maana king'ora hakina malalamiko ya mchana.

Hili linasumbua hata nchi zilizotutangulia. Uingereza, BT ilikuwa imepanga kuzima mtandao wa simu za waya Desemba 2025, kisha tarehe ikasogezwa hadi 31 Januari 2027. Sababu kubwa haikuwa simu za kuongelea. Ilikuwa vile vitufe ambavyo wazee wanaoishi peke yao huvaa shingoni, wakianguka wanabonyeza na kifaa kinaita msaada kupitia laini ya nyumbani. Msomaji mwenye duka au nyumba ya kulea wazee kule hana hiari ya kuhama, ana tarehe. Mwenye ofisi Dar bado ana nafasi ya kwenda taratibu, na aitumie.

Hatua ya 2: Ijue hatima ya namba yako kabla ya kusaini chochote

Namba ya 022 iliyoandikwa kwenye kibao, stakabadhi, magari na mihuri ina thamani kuliko mtambo wote. Watu wengi hudhani itahama kama wanavyohama wao kutoka mtandao mmoja wa mkononi kwenda mwingine. Huduma ya kuhama mtandao bila kubadili namba, iliyoanza Tanzania mwaka 2017, ni ya namba za mkononi. Usijenge mpango wako juu yake kwa namba ya mezani.

Una njia tatu. Iliyo safi zaidi ni kuiomba kampuni ileile yenye laini yako ikuletee namba hiyohiyo kwa SIP, yaani kwa itifaki inayobeba simu za intaneti, juu ya faiba badala ya shaba. Omba jibu kwa maandishi: namba zipi zitahama, lini, simu ngapi zitaweza kupita kwa wakati mmoja. Neno la mhudumu wa kaunta halitoshi.

Ya pili ni kubakiza laini moja ya shaba, ile yenye namba inayojulikana, na kuichomeka kwenye kisanduku chenye tundu la FXO, yaani la kupokea laini ya kampuni ya simu, ili simu zake ziingie kwenye mtambo mpya. Inafanya kazi, ila ina ugonjwa mmoja wa kuujua mapema. Mteja akikata, kisanduku wakati mwingine hakitambui, na laini inabaki imeshikwa hadi mtu aizime. Fundi lazima akirekebishe kitambue mlio wa kukatwa wa kampuni yako, siyo mlio wa nchi kiwanda kilikotoka. Na kama simu zinazolipia mishahara ya ofisi zinapita hapo, jaribu kukata simu mara nyingi, ukikata wewe na akikata mteja, kabla hujamlipa fundi.

Ya tatu ni kuchukua namba mpya na kuielekeza ya zamani kwake. Hapo utalipia kila simu inayoelekezwa, kwa hiyo iwe ya miezi michache tu huku unabadilisha vibao.

Utaonyeshwa pia visanduku vya kuchomeka laini nyingi za simu za mkononi. Kuvitumia kuingiza simu za nje ya nchi na kuzitoa kama simu za ndani ni kosa la jinai, na watu wamefikishwa mahakamani kwa hilo. Hata kwa simu zako mwenyewe, iulize kampuni ya simu kwa barua kwanza.

Hatua ya 3: Pima intaneti yako kwa sauti, siyo kwa sinema

Simu moja kwa kodeki (njia ya kugeuza sauti kuwa data) ya G.711, yenye sauti sawa na ya laini ya zamani, inakula takriban kilobiti 87 kwa sekunde kwenda na kiasi hichohicho kurudi. Simu kumi kwa mpigo hazifiki megabiti moja. Kwa kodeki ya G.729 inayobana sauti, simu moja inashuka hadi kama kilobiti 31. Muuzaji akikuambia lazima upande kifurushi kikubwa kwa ajili ya simu, muombe akupigie hesabu hiyo mezani.

Sauti haiharibiwi na uchache wa kasi, inaharibiwa na kuyumba. ITU, shirika la mawasiliano la Umoja wa Mataifa, linataka sauti isizidi milisekunde 150 kutoka mdomo wa mmoja hadi sikio la mwingine. Zaidi ya hapo watu wanaanza kuingiliana: wote wananyamaza, wote wanaanza kusema. Tofauti ya kuchelewa kati ya pakiti moja (kipande kidogo cha sauti kinachosafiri kwenye mtandao) na nyingine isizidi milisekunde 30, na pakiti zinazopotea zisifike asilimia 1.

Kupima hakuhitaji mtaalamu. Kaa kwenye kompyuta iliyounganishwa kwa kebo, siyo Wi-Fi. Kwenye Windows fungua dirisha la amri, andika ping -t na anwani ya seva ya kampuni itakayokuuzia huduma, uiache izunguke saa nzima. Fanya hivyo saa nne asubuhi ofisi ikiwa imejaa, na siku ya mvua kubwa kama intaneti yako inakuja kwa mnara. Namba za milisekunde zikiruka kutoka 20 hadi 300 na kurudi, tatizo liko ndani ya ofisi au kwa mtoa huduma, na hakuna simu ya bei mbaya itakayolitibu.

Mara nyingi liko ndani: mtu anapakia video, kila anayetaka kuongea anasikika kama yuko ndani ya pipa. Ndiyo maana ruta lazima iweze kuipa sauti kipaumbele. Fundi aziwekee pakiti za sauti alama ya DSCP 46, inayoiambia ruta izipitishe kwanza, na kuzitenga kwenye VLAN yake, yaani mtandao wake wa peke yake ndani ya kebo zilezile. Ruta ya bure iliyokuja na kifurushi cha nyumbani mara nyingi haiwezi hilo. Nunua nyingine.

Hatua ya 4: Umeme

Hapa ndipo ningependa utumie pesa.

Simu ya zamani haikuwahi kukudai umeme. Volti 48 zilikuja na waya kutoka kwenye kituo cha kampuni ya simu, kulikokuwa na mabetri na jenereta. TANESCO wakikata, simu iliendelea kuita gizani. Simu ya intaneti inakufa umeme unapokatika, pamoja na ruta, swichi na kile kisanduku cha faiba ukutani. Na usijitulize kwamba kukatika ni kwa mtaa mmoja na ni kwa dakika chache: tarehe 25 Agosti 2023 sehemu kubwa ya Kenya ilikaa gizani kwa saa nyingi, hadi uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta.

Piga hesabu. Kisanduku cha faiba wati 10, ruta wati 12, swichi yenyewe kama wati 10, na simu nane za wati 5 kila moja zinafanya 40. Jumla kama wati 72. Ile UPS ndogo inayowekwa chini ya kompyuta huwa na betri moja ya volti 12 na ampea-saa 7, ambayo ni wati-saa 84 kwenye karatasi. Ukitoa upotevu, na betri ikiwa mpya, utapata chini ya saa moja. Betri ikishakaa miaka mitatu, utapata muda wa kuaga tu. Inveta yenye betri ya volti 12 na ampea-saa 100 ina wati-saa 1,200. Kama ni ya risasi usiishushe chini ya nusu, kwa hiyo unabaki na 600, na baada ya upotevu ofisi inaongea kwa saa saba hivi. Ya lithiamu itakupeleka mbali zaidi kwa ukubwa uleule.

Ili betri moja itoshe, simu zote zipate umeme kupitia kebo ya mtandao kutoka kwenye swichi ya PoE. Ukinunua simu zenye chaja zake ukutani, utahitaji UPS nane kwenye meza nane. Hakuna ofisi inayofanya hivyo, kwa hiyo umeme ukikatika simu nane zinazima.

Kuna jambo moja zaidi ambalo mafundi wengi hulisahau. Kuelekeza simu kwenye mkononi ofisi inapozima lazima kuwekwe upande wa kampuni ya simu, siyo ndani ya mtambo wako. Mtambo uliozimika hauwezi kumwelekeza mtu popote. Muulize mtoa huduma: mkikosa kuufikia mtambo wangu, mnaipeleka wapi simu ya mteja? Kama hana jibu, tafuta mwingine.

Hatua ya 5: Mtambo ukae wapi

Unaweza kukodi mtambo ulio kwenye seva ya mtu na kulipa kwa mwezi kwa kila ekstensheni, au kuweka wako ofisini. Programu ya Asterisk, inayofanya kazi ya mtambo na iliyoanza mwaka 1999, ni ya bure na inaendeshwa kwenye kompyuta ndogo tu. FreePBX imejengwa juu yake na ina kurasa za kubofya. Ofisi ya ekstensheni nane isiyo na mtu wa TEHAMA ingefaa kukodi.

Lakini uliza seva iko wapi. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zilipata hitilafu upande wa Msumbiji na Afrika Kusini, na intaneti ya Tanzania na majirani ikadorora vibaya. Kama mtambo wako uko Ulaya, siku kama hiyo hata mapokezi hawezi kumpigia mhasibu aliye chumba cha pili, maana simu yao inavuka bahari mara mbili. Mtambo ulioko Dar es Salaam au ofisini kwako ungeendelea, simu za ndani ya nchi zikipita kama kawaida. Mimi nikiwa na hiari, huchagua seva iliyo ndani ya nchi hata ikizidi bei kidogo.

Hatua ya 6: Sasa nunua vifaa

Waya wa simu wa zamani ni jozi moja nyembamba na haufai kubeba mtandao wa ndani wa simu hizi. Kwa hiyo kuna ofisi mbili tofauti. Ile yenye kebo za mtandao tayari kila meza inunue simu za SIP zenye tundu la pili la kompyuta, ili kebo moja itoshe wote wawili. Ile ambayo kuta zake hazivunjiki, kama jengo la zamani la Mji Mkongwe ambako huwezi kutoboa unavyotaka, ibaki na nyaya na simu zake za zamani, ila badala ya mtambo wa Panasonic iwekewe kisanduku chenye matundu manane ya FXS, yaani ya kuchomeka simu za kawaida. Wafanyakazi hawataona tofauti yoyote, na bei ni ndogo sana kuliko kuvuta kebo upya.

Faksi kama bado unaihitaji, kisanduku kiwe na T.38, itifaki ya kupitisha faksi kwenye intaneti. Bila hiyo kurasa zinaweza kufika nusu. King'ora na lifti usiviguse kabla mwenye kuvihudumia hajakubali kwa maandishi. Rahisi zaidi ni kuvipa kifaa cha laini ya mkononi.

Mapokezi mpe simu yenye vitufe vya kuonyesha nani yuko kwenye laini. Wengine wote simu ya bei ya chini inatosha.

Hatua ya 7: Ruta na wezi

Mwambie fundi azime kitu kinachoitwa SIP ALG kwenye ruta, kinachobadilisha pakiti za simu zinapopita. Kiliwekwa kusaidia na kinaharibu: upande mmoja unasikia na mwingine hausikii, au simu inakatika kila ikifika sekunde ya 30 hivi. Ukiona dalili hizo mbili, anzia hapo kabla ya kumlaumu mtu.

Wezi ni jambo zito zaidi. Kuna programu zinazozunguka intaneti usiku na mchana zikigonga porti 5060 kutafuta mitambo yenye nywila nyepesi. Wakiingia, Ijumaa usiku wanaanza kupiga namba za ghali za nje ya nchi, na Jumatatu unakuta deni. Usiufungulie mtambo wako mlango kwa dunia nzima. Uruhusu anwani ya mtoa huduma peke yake, na wafanyakazi walio nje waingie kwa VPN, yaani njia ya siri iliyofungwa ndani ya intaneti. Nywila ya ekstensheni 101 isiwe 101. Funga simu za kimataifa zote, kisha fungua nchi unazofanya nazo biashara. Na chukua huduma ya kulipia kabla, au iwekee kikomo cha mwezi, ili hasara ikitokea iwe na mwisho.

Hatua ya 8: Endesha zote mbili pamoja, kisha jaribu

Usihame kwa siku moja. Wiki mbili au tatu mtambo mpya na laini za zamani viende sambamba, huku ukijaribu mambo haya:

- Piga huduma kwa wateja ya benki ubonyeze namba kama unavyoelekezwa. Mashine ikidai hujabonyeza kitu, utumaji wa milio umewekwa vibaya. Fundi aweke RFC 4733, kanuni ya kutuma milio ya vitufe, pande zote.
- Pigiwa kutoka kila mtandao wa mkononi, na kutoka nje ya nchi kama una wateja huko. Ongea zaidi ya dakika tano.
- Piga simu uangalie namba inayotokea kwa mteja. Iwe ile inayojulikana, kwa mtindo wa +255 22.
- Hamisha simu kutoka mapokezi kwenda stoo na kuirudisha.
- Zima umeme kwenye swichi kuu saa za kazi. Hesabu muda hadi simu zizime, kisha ujipigie uone inaelekezwa wapi.
- Chomoa kebo ya faiba ufanye hivyohivyo.

Namba za dharura ziulizie kwa mtoa huduma badala ya kuzipiga: 112 na 114 zinapita, na zinaelekezwa mkoa upi? Tawi la Arusha linalotumia namba ya 022 linaweza kuunganishwa na kikosi cha Dar es Salaam. Bandika anuani kamili ya jengo kando ya kila simu, ili hata mgeni aweze kuisoma.

Mapokezi wafundishwe kwa vitendo, siyo kwa karatasi. Kuhamisha simu, kushikilia, kuichukua inayoita meza ya mwenzake: matatu hayo yakimkaa mkononi, malalamiko mengi hayatakufikia.

Hatua ya 9: Kata

Laini zisizo na kitu ndizo za kwanza. Andika barua ya kusitisha ikitaja kila namba, lipa deni lililobaki, udai barua ya kuthibitisha kwamba akaunti imefungwa, vinginevyo bili za mwezi zitaendelea kutoka kimyakimya. Laini yenye namba kuu iwe ya mwisho, na isitishwe tu kama namba imeshahamia kwenye SIP au vibao vyote vimeshabadilishwa, pamoja na taarifa zako TRA, benki na kwenye ramani ya Google.

Nyaya za zamani uziwekee alama kabla fundi hajaondoka. Zile za kutoka nje zikatwe kwenye kisanduku cha kuingilia, maana waya wa shaba uliobaki ukining'inia kutoka kwenye nguzo bado unaweza kuleta radi hadi kwenye rafu ya vifaa vyako vipya.